Treni za mbao za mtumba nilizonunua Mwanjelwa: miezi 7 na Thomas na wenzake

Nilizikuta kwenye fuko la midoli ya mtumba pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, zimelaliwa na dubu wa manyoya: vichwa 5 vya Thomas na wenzake, treni zenye nyuso za hadithi za watoto za Uingereza, mabehewa 4 na reli za mbao zilizofungwa kwa kamba ya katani. Muuzaji alianzia shilingi 45,000. "Dada, hii ni mbao tupu, mtoto haivunji." Tukamalizana kwa 28,000. Mwanangu ana miaka 5, sakafu yetu ni ya saruji, na treni nzima imeshadondoka kutoka mezani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Rangi imebanduka kwenye kona, basi.

Ila mimi nahesabu pesa yangu imerudi kwa maswali anayoniuliza. Kila kichwa kina uso, namba na tabia yake. Siku ya kwanza kabisa alimshika Henry, yule wa kijani, namba 3. "Mama, huyu mbona amenuna?" Nikamsimulia: siku moja Henry aliingia kwenye handaki akagoma kutoka, eti mvua itamharibia rangi yake nzuri. Walimvuta, walimsukuma, wapi. Mwishowe wakamjengea ukuta humohumo. Mtoto wa Mbeya anaijua mvua ya Januari, kwa hiyo alimwelewa Henry mara moja na kumhurumia sana. Sisi tunakaa Iyunga, honi ya treni za TAZARA tunaisikia. Akataka kujua kama treni zetu nazo hujificha kwenye yale mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako ambayo babu yake humsimulia. Nikamjibu kwamba zile haziogopi kulowa, zinapanda milima kuja kwetu. Tangu hapo kila handaki analojenga kwa vitabu linaitwa Mlimba.

Jioni tunaulizana maswali, na hili huwakwamisha hata wakubwa: katika kitabu cha kwanza cha hadithi hizi, Thomas yuko wapi? Hayupo. Kitabu hicho cha Mchungaji Wilbert Awdry wa Uingereza kilitoka mwaka 1945, na ni cha Edward, Gordon na Henry. Thomas, pamoja na namba 1 yake, alisubiri hadi 1946. Awdry alianza kwa kumsimulia mwanawe, Christopher, aliyekuwa amelazwa na surua nyumbani. Thomas wa kwanza alimchongea kwa kipande cha mpini wa ufagio na mabaki ya mbao. Hilo nililipenda kuliko yote, maana lilinipeleka kwa fundi seremala wetu.

Reli zilizokuja kwenye fuko zilitosha duara moja dogo tu. Baadhi zina jina la Brio kwa chini, kampuni ya Uswidi, na zinaingiliana na za Thomas vizuri kabisa. Nikampa fundi moja ya mfano. Za kwanza alichonga kwa paini ya Mufindi. Ndani ya wiki 2 vile vichwa vya kuungia vilikuwa vimemeguka. Akarudia kwa mabaki ya mninga, vipande 12 kwa shilingi 10,000, na hizo hazijatikisika mpaka leo. Ukichongesha, sisitiza upana wa mfereji ulingane na wa mfano, la sivyo magurudumu yanakwama.

Sasa kasoro. Sumaku za haya mabehewa ya zamani zimekazwa upande mmoja, hivyo behewa likigeuzwa linamsukuma mwenzake badala ya kumshika. Mwanangu alilia wiki ya kwanza, sasa analigeuza mwenyewe. Kagua kila sumaku kama imekaza: mtoto akimeza mbili zinaweza kubana utumbo, na hapo ni hospitali.

Jambo zito zaidi ni James, mwekundu, namba 5. Mwaka 2007 huko Marekani treni za mbao za Thomas na wenzake zipatazo milioni 1.5 zilirudishwa kwa sababu rangi yake ilikuwa na madini ya risasi, na James mwekundu alikuwamo. Mtumba hauji na risiti ya mwaka wa kutengenezwa. James wetu nimemweka juu ya kabati, na imeniuma, kwa sababu ndiye aliyekuwa kipenzi. Mwenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, tafadhali usinunue zile nyekundu kuukuu.

Pengo lake limezibwa na Nia. Huyu nilimpata baadaye, wa rangi ya chungwa, kichwa cha treni kutoka Kenya kilichoingia kwenye vipindi vya televisheni vya Thomas mwaka 2018. Yeye si wa mbao, ana ndoano badala ya sumaku, kwa hiyo havuti behewa hata moja la wenzake, tumemfungia uzi. Lakini nilipomsomea mwanangu jina, alinyamaza kwanza. "Nia? Hilo si neno letu?" Bibi yake, aliyekuwa anachambua maharage, akadakia bila kuinua kichwa: "Penye nia pana njia." Mtoto akaitazama reli yake ya mninga, akamweka Nia mbele ya wote, hata Gordon, ambaye kwa kawaida hakubali kutanguliwa.

Kwa 28,000 ningenunua tena kesho. Bado namtafuta Toby, namba 7, yule wa kahawia mwenye umbo la sanduku. Kila Jumamosi napita Mwanjelwa kuyapekua mafuko.