Kabla ya Kununua Gemu za Zamani, Pima Kochi Lako

Pasaka iliyopita tulikuwa watu kumi na mmoja kwangu Umoja, Nairobi, kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu. Mimi sikwenda ushago, ushago ndio ulinijia: Mama, kaka zangu wawili, shemeji, watoto wao, na jirani fulani ambaye hufuata harufu ya chapati kisha haondoki. Nikajiambia mwaka huu hatukai siku nne kila mtu ameinamia simu yake. Nitatafuta gemu zile tulizocheza tukiwa shule ya msingi, tupigane kama zamani.

Alhamisi jioni nikashuka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, saa ambayo mtu mwenye akili zake hapiti huko, nikanunua kile kisanduku cha kijivu kilichoandikwa gemu 620. Shilingi 2,500. Muuzaji alikiwasha mbele yangu, Mario akaruka, nikatoa pesa.

Nyumbani nikakipanga kwenye meza ya TV, nikampa kaka mkubwa pedi ya kwanza (pedi ya kuchezea, tafadhali, msianze). Akarudi nyuma taratibu akakae kwenye kochi kama mtu wa heshima zake. Hakufika. Alikuwa amebakiza hatua mbili waya ukakaza, kisanduku kikachomoka mezani, kikaburuta zile nyaya tatu za rangi, kikatua ndani ya bakuli la kachumbari. Mama akauliza, "Sasa hiyo ndiyo gemu yenyewe?"

Siku zote nne wanaume wazima, mmoja ana mvi, walicheza wakiwa wamepiga magoti sakafuni, pua zikigusa TV, na sisi wengine tukitazama visogo vyao.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia ubora wa picha wala idadi ya gemu. Hayo kila muuzaji atakuimbia bila kuulizwa. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu: waya wa pedi una urefu gani? Tangu Pasaka nimekuwa nikitembea na futi ya fundi cherehani kwenye mkoba, na nimeshafukuzwa kwenye vibanda viwili.

Kwanza ujue kwa nini dukani hutaiona kasoro hii. Nilirudi kwa yule muuzaji nikamtazama vizuri anavyofanya kazi. Kaunta yake na TV yake zimeachana kwa urefu wa mkono. Hapo hata kamba ya kiatu ingefika! Halafu nenda kwako upime kutoka meza ya TV hadi magoti ya mtu aliyekaa kwenye kochi. Kwangu ni mita 2 na sentimita 20, na nyumba yangu si ya kujivunia, ni ya vyumba viwili vya kulala, soketi ya stima iko pembe moja na kochi liko pembe nyingine. Katikati kuna meza iliyojaa vikombe. Waya lazima upite juu ya chai au chini ya meza, na ukipita chini unakula sentimita nyingine 40. Yaani ninahitaji zaidi ya mita mbili na nusu, au nisogeze kochi, na kochi langu likisogezwa mlango wa jikoni haufunguki.

Msidhani ni tatizo la vitu feki peke yake. NES ya kwanza kabisa, mashine ya gemu ya Nintendo, ile iliyoingia Marekani mwaka 1985, ilikuwa na waya wa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2016 Nintendo wakaitoa upya ikiwa ndogo, gemu 30 ndani, nzuri ajabu, na waya wa sentimita 76 hivi. Sentimita 76! Huo ni urefu wa mtoto anayejifunza kutembea. Mwaka uliofuata wakatoa SNES ndogo (SNES ndiyo iliyoifuata NES), waya ukasogea karibu na mita moja na nusu. Walisikia kelele, ila hawakuja Umoja kupima.

Sasa orodha yangu, na nisiwafiche: mimi ni mtu wa Sony. Anayetaka hukumu isiyo na upendeleo aende mahakamani.

Ya kwanza: PS2 nyembamba

PS2, yaani PlayStation 2 ya Sony, ilitoka mwaka 2000, ile nyembamba ikafuata mwaka 2004, na ziliendelea kuundwa mpaka mwanzoni mwa 2013. Zimeuzwa zaidi ya milioni 155, ndiyo maana hadi leo fundi yeyote mjini anaijua ndani na nje na hakosi kipuri. Pedi yake halisi niliipima mara tatu: inafika kwenye kochi langu na inabaki kidogo ya kulegea. Na PS2 yenyewe ina uzito wa kukaa mahali pake. Mpwa wangu aliruka akishangilia bao na haikutikisika.

Kisha inacheza pia diski nyingi za PS1, PlayStation ya kwanza. Hapo ndipo Tekken 3, gemu ya kupigana, inapoingia, na hapo ndipo Mama alipomchagua mpiganaji Eddy Gordo, akabonyeza vitufe vya teke tu, bila kuangalia, akamtandika shemeji mara sita mfululizo huku akipepeta mchele. Shemeji hajawahi kuongea vizuri tangu siku hiyo.

Mambo ya kuangalia ukinunua. Tafuta iliyotoka Uingereza, zile wanaziita ex-UK. Iliyotoka Japani imeundwa kwa stima ya volti 100, na yetu ni 240. Ile nene ina mfumo wa stima ndani kwa ndani, ukiichomeka hivi hivi unasikia harufu tu. Nyembamba nyingi zina adapta ya nje inayotoa volti 8.5, kwa hiyo hata ikiwa na shida unabadilisha adapta peke yake, lakini soma kibandiko chake kabla hujachomeka. Kikisema 100V pekee, mrudishie mwenyewe.

Pili, wengi sasa wanauza PS2 iliyojazwa gemu kwenye flashi. Inavutia, lakini tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kale, 1.1, na gemu zenye vipande vingi vya video hukwamakwama kama matatu ya Jogoo Road saa kumi na mbili. Nunua na diski chache. Ulizia pia memori kadi ya MB 8, maana bila hiyo kila asubuhi ligi inaanza upya na ndugu wanaanza kutupiana maneno.

Tatu, ina matundu mawili tu ya pedi. Mkitaka kucheza wanne kuna kigawanyio, na cha PS2 nene si sawa na cha nyembamba, kwa hiyo nenda na kifaa chako mkononi. TV mpya nyingi hazina zile tundu tatu za rangi; kuna kiboksi kidogo cha kugeuza AV kuwa HDMI, si ghali. Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya TV uweke hali ya gemu, la sivyo utabonyeza leo mchezaji apige kesho.

Yangu nililipa shilingi 9,000 na pedi mbili. Pedi moja ilikuwa feki, nikagundua kwa kitu gani? Kwa waya. Ya feki ilikuwa fupi kwa mkono mzima. Pimeni zote mbili, zishikeni pamoja mwanzo na mwisho. Muuzaji akianza kucheka, mwache acheke.

Ya pili: Wii

Nilikuwa sitaki kuiweka juu namna hii, ni ya Nintendo, lakini Wii ya 2006 haina waya wa pedi kabisa. Rimoti unarusha mkono, mpira wa bolingi unakwenda. Kwa nyumba yenye wazee na watoto wa chekechea hakuna kitu kitakachoishinda. Inatumia betri mbili za AA kwa kila rimoti, na wacheza wanne ni betri nane, kwa hiyo nunua zile za kuchaji. Vaa kamba ya mkononi. Kamba za mwanzo zilikuwa nyembamba, zikakatika watu wakirusha, Nintendo ikalazimika kuzibadilisha mwaka huo huo iliyotoka. Mnaona? Hata wakiondoa waya, kamba inawashinda.

Ya tatu: Mega Drive Mini

Hii ni ya Sega, Mega Drive yao ya zamani ikiwa ndogo. Ilitoka mwaka 2019, ina gemu 42, Sonic yumo, na waya wa mita 2. Sega waliitazama Nintendo ikitukanwa wakajifunza. Kwangu zinapungua sentimita chache, kwa hiyo nacheza nikiwa nimekaa ukingoni mwa kochi kama mgeni wa kuposa. Inatumia stima kidogo ya USB, hata pawa benki inaiwasha, ingawa stima ikipotea TV nayo imelala na hujapata faida yoyote.

SNES ndogo na nduguze

SNES ndogo ina gemu 21 na pedi mbili, na kila moja ya hizo 21 ni gemu kweli. Waya nimeshausema. NES ndogo inakuja na pedi moja tu kwenye boksi, kwa hiyo ni kifaa cha mtu mpweke mwenye mikono mirefu. Zote mbili zimejaa feki mjini.

Hila iliyonisaidia nilipoazima SNES ndogo ya rafiki: usirefushe pedi, sogeza kifaa. Nunua waya wa HDMI wa mita 5, ulete kifaa chenyewe kwenye meza ya vikombe, ukiegemeze kwa kitabu kizito. Mimi nilitumia Kamusi. Waya wa TV uupitishe kando ya ukuta na uubandike kwa gundi ya karatasi, kwa sababu Shangazi akitoka chooni usiku haangalii chini.

PlayStation Classic ya 2018 sikutaka kuisema. Ni Sony, nawapenda, lakini mzazi naye hukosea. Gemu 20, Gran Turismo haimo, baadhi ni matoleo ya Ulaya yanayokwenda polepole kwa 50Hz, waya mita moja na nusu, na adapta ya ukutani unajitafutia. Ipite.

Vya bei rahisi

Kisanduku cha 620: gemu nyingine humo ni zilezile zimebadilishwa majina. Vile vijiti vya HDMI vyenye "gemu 10,000": pedi hazina waya, hilo nakubali, lakini mbili zikiwaka pamoja moja husahau ni ya nani. Basi.

Sasa niseme la moyoni kuhusu wauzaji. Nimewaandikia watu zaidi ya ishirini wanaotangaza mtandaoni. Wote picha nzuri, maelezo marefu, na mwisho: "Bei inbox." Ninyi wenzangu, bei ni siri ya ndoa? Ukiingia huko ndani unaulizwa uko wapi. Ukisema Umoja unatajiwa 9,000. Rafiki yangu akaandika kuhusu kifaa hicho hicho, akasema anaishi Kileleshwa, mtaa wa wenye nazo, akaambiwa 13,500. Kifaa kimoja, picha moja, hata ile chapa ya kidole kwenye kioo ni ileile. Na wiki moja kabla ya sikukuu kila kitu kinapanda, kisha unaambiwa dola imepanda, kana kwamba PS2 iliyokaa kwenye shelfu tangu mwaka juzi ilinunuliwa asubuhi hiyo. Ukiuliza urefu wa waya unajibiwa, "Ni original." Nimeuliza urefu, ndugu yangu, sijauliza ukoo wake.

Likizo ya Jamhuri wanakuja tena, na safari hii kaka mdogo anamleta mchumba. Nahitaji waya wa kurefusha pedi za PS2, miwili, kila mmoja angalau mita 1.8, ili watu wa meza ya kulia nao wacheze bila kunyanyuka. Mwenye nayo aniandikie, na bei aiandike palepale wazi.