Kulala Roma kabla ya meli: ununue kifurushi cha kampuni au ujipangie mwenyewe?

Haya jamani, karibuni. Leo sichambui simu wala begi. Nachambua kitu ambacho kampuni za meli za kitalii hukuwekea mwisho kabisa wa malipo, ukiwa umeshachoka kujaza majina na namba za pasipoti: kifurushi cha hoteli kabla ya safari. Mnalala siku moja au mbili mjini, mnapokelewa uwanja wa ndege, na siku ya meli mnabebwa kwa basi mpaka gatini. Swali hili naulizwa sana na ndugu zetu wa Uingereza na wa Ghuba, na siku hizi hata wa Nairobi na Dar: ninunue au niache? Nitaichukua Roma, maana ndiko wengi tunakoanzia, halafu nitawaambia ningeanzia wapi kama uamuzi ungekuwa wangu.

Tuanze na kulala kwenyewe. Usiingie Italia siku ileile ya meli, hata kama ndege inatua alfajiri. Meli ikiandikiwa kung'oa nanga saa kumi na moja jioni, mlango wa abiria hufungwa saa nzima kabla, mara nyingi zaidi ya hapo, na ukikuta ngazi imeshaondolewa hakuna wa kumlilia. Kama tiketi ya ndege ulikata mwenyewe, ni juu yako kuikimbilia bandari inayofuata kwa gharama zako, huenda Sicilia, huenda Ugiriki. Na begi je? Likibaki Addis Ababa au Doha wakati uko hotelini, kesho yake unaletewa. Ukiwa melini, begi linakufukuza bandari moja nyuma kila siku, na wewe unakula chakula cha jioni na raba za ndegeni. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, mimi naona kulala siku mbili ndiyo kiwango cha chini.

La pili ndilo linalowaumiza watu wengi: jina la mji kwenye tiketi. Imeandikwa Roma, lakini Roma haina gati la meli kubwa. Meli iko Civitavecchia, mji wa pwani upande wa kaskazini-magharibi, kilomita 70 na ushee. Ukisoma Firenze, ujue ni Livorno au La Spezia. Venezia ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Tangu Agosti 2021 Italia imepiga marufuku meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa San Marco, kwa hiyo safari nyingi zinazouzwa kwa jina la Venezia huanzia Ravenna au Trieste, mwendo wa kama saa mbili. Unalipa hoteli ya bei ya kuruka pale kwenye mifereji, halafu asubuhi ya meli ndipo safari inaanza upya! Kabla hujaangalia picha ya kitanda hata kimoja, tafuta kwenye nyaraka zako jina la bandari. Picha za mji zisikudanganye.

Sasa kifurushi chenyewe. Uzuri wake ni kwamba hufikirii. Mtu ameshika kibao chenye jina lako pale Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, begi linachukuliwa, siku ya meli mnaitwa kwenye basi. Kama unasafiri na mama mwenye magoti mabovu, au mmekuja familia nzima na mabegi saba, hiyo si anasa. Na basi likiwa la kampuni yenyewe, likikwama kwenye foleni wanajua mko wapi na mko wangapi. Hilo treni haikupi.

Ubaya wake? Wa kwanza ni bei, na hasa jinsi inavyoandikwa. Hoteli ukikata mwenyewe unalipia chumba. Kifurushi mara nyingi kinahesabiwa kwa kichwa, mkiwa wawili chumbani. Watu wanaona namba ile wanasema aa, mbona ni rahisi, kumbe izidishe kwa mbili. Na ukiwa peke yako, utalipishwa karibu chumba kizima.

Wa pili unatuhusu sisi wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo. Vifurushi vingi vinasema "hoteli hii au nyingine ya hadhi hiyo", na jina kamili linakuja baadaye. Mmarekani hilo halimsumbui. Wewe unaomba viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, na ubalozi unataka kujua utalala wapi, jina na anwani. Kabla hujalipa, waulize: barua yenye jina la hoteli na majina yetu itatoka lini? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, achana nacho.

Na hapohapo kwenye viza, sikilizeni vizuri. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Hayo wengi mnayajua. Linalosahaulika ni idadi ya kuingia. Fungueni ratiba ya meli muone kama inatoka nje ya Schengen katikati ya safari. Ugiriki, Malta na Croatia zimo ndani. La Goulette ya Tunisia haimo, Kotor ya Montenegro haimo, Kuşadası ya Uturuki haimo. Meli ikigusa hata moja ya hizo kisha ikarudi Italia, wewe umetoka Schengen na unaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, omba ya kuingia mara nyingi, na angalia kama nchi hiyo ya nje nayo inakutaka viza yake. Kampuni ikiona karatasi zako hazijakaa sawa inakuzuia palepale gatini, na hoteli ya Roma umeshailipia.

Haya, ukijipangia mwenyewe Roma inakuwaje? Kutoka Fiumicino kuna treni ya Leonardo Express, euro 14, dakika 32, moja kwa moja mpaka stesheni ya Termini. Mkiwa wanne msiipande. Teksi nyeupe rasmi ina bei ya kudumu ya euro 55 kwa gari zima mpaka ndani ya kuta za kale za mji, na tiketi nne za kawaida za treni ni euro 56. Mnashushwa mlangoni. Ila iwe kwenye foleni rasmi ya teksi. Yule kaka anayekufuata ndani ya uwanja akikuita rafiki, mpite.

Siku ya meli, treni ya kawaida kutoka Termini hadi Civitavecchia ni euro 4.60, kama saa nzima au saa na robo. Hakuna kuchagua kiti, na asubuhi ya siku za meli mabegi yanajaa mpaka mlangoni. Ukikata tiketi ya karatasi, igonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, la sivyo faini. Kingine, treni hizo mara nyingi huondokea majukwaa ya namba za juu, kuanzia 25, na pale Termini ni mbali. Tenga dakika kumi na tano za kuburuta begi. Ukishuka Civitavecchia kuna basi la kwenda Largo della Pace, na hapo unapanda basi la bandari mpaka kwenye meli yako. Ukijumlisha Leonardo, treni na basi, mtu mmoja hafiki euro 25 kutoka ndege mpaka gati. Gari binafsi kutoka Roma hadi bandarini ni zaidi ya euro 100, na kwa watu watano wenye mizigo si wizi.

Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kunifanya ninunue basi la kampuni hata nikiwa peke yangu: mgomo. Treni za Italia hugoma, na mara nyingi ni Ijumaa. Uzuri ni kwamba hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mikoani, kama hiyo ya Civitavecchia, hulazimika kutembea saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Meli yako ikiwa Ijumaa, chungulia tangazo wiki moja kabla. Ukikuta kuna mgomo, panda treni ya saa mbili asubuhi ukanywe kahawa Civitavecchia mpaka gati lifunguliwe.

Kulala wapi? Wengi watawaambia Trastevere, kwa sababu picha zake ni nzuri. Mimi nasema hapana, si kwa usiku wa kabla ya meli. Vichochoro vimetandikwa mawe madogo meusi, magurudumu ya begi yanalia mpaka yanakatika, na stesheni yenye jina la Trastevere iko mbali na sehemu ile mnayoiona mitandaoni. Napenda mtaa wa Prati, upande wa Vatikani. Barabara zimenyooka, na stesheni ya Roma San Pietro haiko mbali, treni za Civitavecchia zinasimama pale. Mwenye bajeti ndogo akae Esquilino karibu na Termini. Usiku si mtaa wa kupendeza sana, nisiwafiche, lakini mchana soko la Esquilino lina mihogo, bamia na ndizi za kupika, na nyama halali kule si ya kutafuta kwa tochi. Kwa wanaotaka kuswali Ijumaa, msikiti mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, uko kaskazini ya mji, unafikika kwa treni ndogo ya mjini. Popote mtakapolala, kuna ushuru wa jiji, hoteli ya nyota tatu euro 6 kwa kila mtu kila siku, unalipwa hotelini. Wanunuzi wa kifurushi, ulizeni kama umo kwenye bei.

Kuhusu kutembea, siku mbili hazitoshi Roma, msijaribu. Chagueni jambo kubwa moja kwa siku. Tiketi za Colosseo, ule uwanja wa kale wa Warumi, zinafunguliwa siku 30 kabla na zinatoka kwa jina, kwa hiyo wekeni kengele kwenye simu na mwende na pasipoti. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho ya mwezi, ambayo ni bure na foleni yake sitaki hata kuisimulia. Kanisa la Mtakatifu Petro halina kiingilio. Mabega na magoti yafunikwe, na hapo kanga moja kwenye mkoba inamaliza kazi. Basi namba 64 la kutoka Termini kwenda huko ni maarufu kwa vibaka, simu isikae mfuko wa nyuma. Maji msinunue: chemchemi za mtaani ni za kunywa na zina baridi hata Agosti.

Kwa hiyo kwa Roma, mimi najipangia mwenyewe, na kifurushi nawaachia wenye wazee, wenye watoto wachanga na wanaotua usiku wa manane.

Lakini niliwaahidi nitasema ningeanzia wapi. Genova. Ratiba nyingi za Mediterania ya magharibi ni duara, na kampuni nyingine hukuruhusu kupandia Genova au Civitavecchia kwa safari ileile. Watu wanachagua Roma kwa jina. Genova treni inakushusha Piazza Principe, na gati la abiria, Stazione Marittima, liko chini yako hapo, dakika kumi kwa miguu. Unaiona meli kutoka dirishani huku ukipiga mswaki! Mji wa kale ni vichochoro vyembamba vya kupotea, ukiwa umekulia Mji Mkongwe Unguja utajihisi uko kwa shangazi. Juu kidogo kuna kasri za matajiri wa zamani, Palazzi dei Rolli, zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na kwenye kanisa kuu la San Lorenzo kuna kombora la Waingereza la mwaka 1941 lililopenya ukutani lisilipuke, limewekwa pale mpaka leo. Chakula ni mkate wa focaccia wa mafuta ya zeituni na tambi za pesto, na bei za hoteli kwa kawaida zinapumua kuliko Roma.

Kasoro zipo. Ndege za moja kwa moja kutoka kwetu hakuna, mtatua Milano kisha treni kama saa mbili. Na mwenye hamu ya Vatikani, Genova haitamponya. Ila ukipandia Genova, meli ya duara mara nyingi itakufikisha Civitavecchia siku moja asubuhi, na hiyo treni ya euro 4.60 inakusubiri. Angalia tu saa ya kurudi melini.

Napoli nayo ni hivyohivyo, gati liko mjini kabisa, chini ya ngome ya Castel Nuovo. Kwa miji hii miwili kifurushi sikioni kazi yake: unalipia basi likupeleke mahali ambapo ungefika kabla hujamaliza kipande cha focaccia. Wenye tiketi za Ravenna, nitumieni ratiba zenu, nataka kuitengenezea video yake.