Tahadhari kwa wanaounda jeti za foamu: feni, betri na vidhibiti vyenye lebo za uongo

Ninaandika kuwatahadharisha wote wanaounda jeti za foamu za kuongozwa kwa rimoti, hasa walioko Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania ambao hununua vifaa kupitia mitandao ya kijamii, kwamba yupo muuzaji anayesambaza seti za feni za umeme za ndani ya bomba, betri za lipo (za lithiamu-polima) na vidhibiti vya mota ambavyo vipimo vilivyoandikwa juu yake si vya kweli. Simtaji jina, kwa sababu jina analotumia sasa silo alilotumia awali, na namba zake za simu hubadilika kila malalamiko yanapozidi. Kitakachokusaidia kumtambua ni bidhaa zenyewe, maneno ya tangazo lake na namna anavyotaka kulipwa.

Seti anayoitangaza zaidi ni ya feni ya milimita 70 yenye mapanga 12, inayodaiwa kutoa msukumo wa kilo 2.8 kwa betri ya seli nne, ikiambatana na kidhibiti kilichoandikwa ampea 60 na betri iliyoandikwa 5000 mAh (yaani ujazo wa ampea 5 kwa saa moja), 100C (yaani inadaiwa kutoa mkondo mara 100 ya ujazo huo). Bei yake haiko chini sana kuliko ya maduka yanayoaminika, na hapo ndipo wengi huondolewa shaka, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba bidhaa ya uongo ni lazima iwe rahisi. Vijana ninaorusha nao ndege waliponunua seti hizo na jeti zao zikashindwa kunyanyuka kwenye nyasi, waliniletea vifaa hivyo mezani nikavipime kwa mita ya wati, mizani na chaja inayosoma ukinzani wa ndani wa kila seli, yaani kizuizi cha mkondo ndani ya seli, ambacho huongezeka betri inapochoka.

Nianze na feni, maana lebo yake inajishtaki yenyewe hata kabla hujaiwasha. Betri ya seli nne ina volti 14.8 za kawaida, na ukizizidisha kwa ampea 60 unapata wati 888. Feni ya milimita 70 yenye kitovu cha milimita 30 hupitisha hewa kwenye eneo la sentimita za mraba 31 hivi. Kwa eneo hilo, katika hewa ya usawa wa bahari, na bomba likiwa na upana uleule hadi mwisho, wati 888 haziwezi kuzalisha zaidi ya kilo 2.3 za msukumo, hata tukijidanganya kwamba hakuna hata wati moja inayopotea kama joto kwenye mota au kama msukosuko kwenye mapanga. Katika hali halisi hupotea nyingi. Kwa hiyo kilo 2.8 si tarakimu iliyotiwa chumvi kidogo. Ni tarakimu isiyowezekana kwa kidhibiti kilichomo kwenye kifurushi hichohicho.

Nilipoifunga feni hiyo kwenye mizani na kuiendesha kwa betri yangu ninayoiamini, ilikula ampea 52 kwa volti 14.4, yaani wati 750 hivi, ikasukuma kilo 1.3. Hicho ni kiwango cha kawaida kwa feni ya ukubwa huo, na mtu aliyeambiwa ukweli angeweza kuijengea ndege inayofaa. Tatizo ni kwamba aliyeambiwa kilo 2.8 hujenga ndege ya kilo mbili, huongeza magurudumu ya kukunjika, taa na rangi nzito, akiamini anao msukumo wa ziada. Ieleweke pia kwamba pengo hilo halizibiki kwa kubadilisha betri tu: ili feni ileile itoe msukumo mara mbili, nguvu inayoingia hupaswa kuongezeka karibu mara tatu, na hakuna mota ya ukubwa ule itakayostahimili zaidi ya wati 2,000 bila kuungua.

Walioko nyanda za juu wana hesabu nyingine ya kuongeza. Hewa ya Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 16, na feni inayozunguka kwa kasi ileile hupoteza msukumo kwa kiasi kama hicho. Muuzaji huyu hutuma mizigo hadi Arusha na Nairobi kwa basi, na tangazo lake halisemi lolote kuhusu jambo hilo.

Betri ndiyo iliyonifanya niandike tahadhari hii badala ya kulalamika tu miongoni mwetu. Pakiti iliyoandikwa 5000 mAh ilikuwa na uzito wa gramu 335. Seli nne za ujazo huo hubeba saa-wati 74, na betri za lipo zinazotengenezwa kwa ajili ya kutoa mkondo mkubwa kwa kawaida hubeba kati ya saa-wati 130 na 180 kwa kila kilo, kwa hiyo pakiti ya kweli ya aina hiyo ingekaribia nusu kilo au kuizidi. Gramu 335 ni uzito wa pakiti ya 3000 hivi. Nilipoijaza na kuitoa umeme polepole kwa chaja, ilitoa 2900 mAh, sawa kabisa na mizani ilivyotabiri. Kuhusu hiyo 100C, mwenye kalamu anaweza kuizidisha mwenyewe: mara 100 ya ampea 5 ni ampea 500, na waya zilizotoka kwenye pakiti hiyo zisingehimili hata robo ya mkondo huo.

Baya zaidi ni kwamba seli zake zilikuwa zimechoka. Ukinzani wa ndani wa seli nzima ya ukubwa huo hutarajiwa kuwa miliohm chache tu; hizi zilisoma kati ya 18 na 27, na kila seli ikiwa na kipimo tofauti na mwenzake. Kwenye pakiti nyingine plastiki ya juu ilikuwa imechanika pembeni, na chini yake ikaonekana plastiki ya rangi tofauti yenye maandishi ya ujazo mdogo. Kwa maneno mengine, betri zilizokwisha kutumika huvalishwa ganda jipya na kuuzwa kama zimetoka kiwandani. Nilipoendesha feni kwa pakiti hizo, volti zilishuka kuelekea 12 ndani ya sekunde chache, yaani kiasi cha volti 3 kwa kila seli, mpaka ambao hakuna mwenye busara anayeuruhusu betri ya lipo iuvuke. Msukumo nao ukashuka chini ya kilo moja. Jeti ya kilo 1.6 iliyowekewa seti hiyo haiwezi kuruka kutoka kwenye nyasi, na ikirushwa kwa mkono itaanguka mbele ya miguu ya aliyeirusha, huku feni ikiendelea kuzunguka.

Kidhibiti cha mota nacho kina hila yake, ambayo ni hatari kwa watazamaji kuliko kwa mfuko wa mnunuzi. Lebo inasema kina chanzo cha ndani cha volti 5 kinachotoa ampea 8 kwa ajili ya kipokezi cha rimoti na servo, yaani mota ndogo zinazosogeza sehemu za kuiongozea ndege. Nilipoondoa lebo nilikuta chanzo cha aina ya kizamani kinachopunguza volti kwa kuzigeuza kuwa joto. Kwa betri ya seli nne, kila ampea moja inayokwenda kwenye servo huacha takriban wati 10 za joto ndani ya kipande kidogo kisichozidi ukucha, na kipande hicho kikichemka hujizima ili kisiungue. Kikijizima, kipokezi hukosa umeme, servo husimama zilipo, na ndege yenye uzito wa kilo moja na nusu hubaki angani bila mtu yeyote kuiongoza. Yeyote aliyekwisha kukinunua asikitumie chanzo hicho cha ndani hata kwa safari moja: chomoa waya mwekundu kwenye plagi inayokwenda kwenye kipokezi, kisha uweke chanzo cha volti 5 cha pembeni ulichokipima kwa mzigo.

Foamu anayouza sina mengi ya kuisema. Inatangazwa kuwa ni EPO, foamu imara inayotumika kuundia ndege hizi, lakini mabawa niliyoyaona yalikuwa ya foamu nyeupe ya kawaida, ileile inayopakiwa kwenye maboksi ya televisheni. Weka tone la supa-glu ya kawaida kwenye kipande kisichohitajika. Foamu hiyo nyeupe itayeyuka na kuacha shimo, ilhali EPO haitadhurika.

Nirudi kwenye malipo, kwa kuwa wapo walioumia bila hata kupokea kifurushi. Muuzaji huyu hakubali lipa namba ya biashara wala hatoi risiti ya EFD. Hutaka pesa itumwe kwenye namba ya mtu binafsi, kila mara jina likiwa tofauti, naye hueleza kwamba ni la mke wake, la dereva au la wakala. Mtindo huo hautofautiani sana na ule ujumbe tunaoufahamu sote wa “ile pesa itume kwenye namba hii”. Baada ya malipo ya kwanza hufuata maombi mengine: kwanza ada ya mzigo hatari, kisha kodi ya forodha, kisha gharama ya kuhifadhi mzigo. Kodi halali ya forodha nchini hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, wala haipiti kwenye simu ya dereva. Aidha, hudai kwamba betri zake huletwa peke yake kwa ndege ya abiria na kufika baada ya siku mbili. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinakataza betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kubebwa kama shehena kwenye ndege za abiria, na zile zinazobebwa na ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Anayekuambia vinginevyo ama anavunja kanuni hizo ama hana betri yoyote njiani, na ukiipokea pakiti “mpya kutoka nje” ikiwa imejaa hadi volti 4.2 kwa kila seli, una haki ya kujiuliza ilijazwa wapi.

Kabla ya kumlipa muuzaji yeyote usiyemfahamu, mwombe picha ya betri ikiwa juu ya mizani iliyowashwa, pamoja na picha ya mita ikionyesha volti na ampea wakati feni inazunguka kwa nguvu zote. Mwenye bidhaa halali hatachukizwa, kwa sababu ombi hilo ni dogo. Huyu ninayemzungumzia alipoombwa picha hizo alijibu kwa kutuma video ya jeti ikiruka, video ambayo imepigwa mahali penye theluji chini, na baadaye akamzuia mwombaji asiweze kumwandikia tena.

Kwa wale ambao tayari wana feni hizo, msizijaribu mkiwa mmezishika mkononi wala mkiwa mmesimama ubavuni mwa bomba. Rota ya milimita 70 inayozunguka mara 35,000 kwa dakika hufanya ncha za mapanga ziende kwa zaidi ya kilomita 450 kwa saa, na rota mbili kati ya zile nilizozikagua zilikuwa na nyufa ndogo kwenye mashina ya mapanga, dalili kwamba zimewahi kugonga kitu kabla ya kuuzwa. Panga likikatika hutoka kwa ubavu, likapenya foamu kana kwamba haipo. Ifungeni ndege kwenye benchi, simameni nyuma yake kwa mbali, pembeni kidogo ya mkondo wa hewa, vaeni miwani ya kinga, na ondoeni kamba, kofia na karatasi zote mbele ya mdomo wa bomba.

Waliotapeliwa fedha watunze ujumbe wa muamala, picha za mazungumzo na kifungashio chenye jina la basi lililoleta mzigo, kisha watoe taarifa kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauhusu udanganyifu wa namna hii. Namba inayotumika kuomba pesa kwa ulaghai itumwe pia 15040, ambako mamlaka ya mawasiliano hupokea taarifa za namba za matapeli. Msiwauzie wengine vifaa hivyo ili kurudisha gharama, hata kwa bei ya hasara, kwa kuwa mnunuzi wa pili hataambiwa yale mliyoyaona.

Pakiti zilizovimba au zenye ukinzani kama huo zisichajiwe tena. Ziwekeni nje ya nyumba, ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na jiko na mitungi ya gesi, kisha zitoeni umeme polepole kwa balbu ya gari ya volti 12 mkiwa mnaziangalia, hadi balbu izimike kabisa. Zisitobolewe, zisikatwe kwa kisu ili kuona kilichomo, wala zisitupwe kwenye taka za nyumbani ambazo mwishowe huchomwa moto. Fundi wa vifaa vya elektroniki anayekusanya betri chakavu kwa ajili ya kurejelezwa atazipokea zikiwa zimeisha umeme na ncha zake zimezibwa kwa utepe.