Siku sita kazini ndani ya kampavani: Nairobi, Olorgesailie, Magadi

Mimi ni mhasibu. Naandikia vitabu maduka saba madogo ya Kawangware na Dagoretti, na kila mwezi ukifika tarehe 15 huwa sitoki nyumbani, maana tarehe 20 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Julai hii nilitoka. Nilikodi kampavani, yaani gari la kulala na kupikia ndani, nikamchukua mjomba wangu aliyestaafu udereva wa lori, tukashuka Bonde la Ufa kwa barabara ya Magadi, na makaratasi ya wateja wangu yakashuka nasi. Naandika kwa sababu kabla ya kulipa nilitafuta sana Mnairobi aliyefanyia kazi ndani ya gari la namna hii. Waliokwenda kupumzika niliwapata wengi. Wa kazi sikumpata hata mmoja.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya dizeli, umbo lile lile la matatu ya abiria 14, ila viti vya nyuma vimeng'olewa. Ndani kuna kitanda kinachokunjwa kikawa kochi na meza, meko ya gesi, sinki, tangi la maji la lita 60 na friji ndogo. Juu ya paa kuna hema la kukunjua lenye ngazi. Mjomba ana magoti mabovu, basi yeye alilala chini nami nikalala juu. Kodi ilikuwa shilingi 12,000 kwa siku, na amana ya 30,000. Nililipa kwa M-Pesa, risiti ikaja papo hapo. Kijana aliyenikabidhi gari alikuwa na adabu na subira. Alinionyesha kufunga gesi, kukunjua hema, kumwaga maji machafu, na hakuchoka nilipomrudisha nyuma mara mbili tatu. Shuka zilikuwa safi, sufuria safi. Kwa hayo yote nawapa heshima yao.

Ila kuna jibu moja alilonipa ambalo lilinikosesha usingizi. Nilimuuliza, "Kaka, umeme utanitosha kufanya kazi kutwa?" Akasema, "Dada, sola iko juu, betri iko chini, hutaishiwa." Nikaridhika. Sikuomba kuiona betri.

Tulijaza tangi jioni ya tarehe 14, kwa kuwa EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya za mafuta siku hiyo na zinaanza kutumika usiku uo huo; mjomba hajaiacha desturi hiyo tangu enzi za lori. Asubuhi tuliondoka na baridi ya Julai, ukungu umetanda kuanzia Rongai mpaka Kiserian, mimi nimevaa sweta mbili. Pale Corner Baridi barabara inapovuka bega la Milima ya Ngong, bonde lote likafunguka mbele yetu, na kabla ya saa kuisha sweta zote mbili zilikuwa kitandani. Lami ni nyembamba, kingo zimemegeka, na mifugo huvuka itakavyo. Mjomba hakupita kilomita 50 kwa saa. Ukizidisha hapo makabati yanafunguka na vyombo vinatafuta sakafu.

Olorgesailie ndipo nilipolipenda gari hili. Ni kama kilomita 65 tu kutoka Nairobi, mahali pa Makumbusho ya Taifa, na kuna kambi na vibanda vya kulala. Zamani palikuwa ziwa. Leo umebaki udongo mweupe wa diatomaiti (mabaki ya viumbe vidogo vya majini) na mashoka ya mawe yaliyotapakaa kwa mamia, ambayo Louis na Mary Leakey walianza kuyachimbua miaka ya 1940. Unatembea juu ya njia ya mbao na kuyatazama yakiwa pale pale yalipoachwa. Mwaka 2003 kilipatikana hapo kipande cha fuvu la binadamu wa kale, umri wake unakaribia miaka 900,000. Nilifungua mlango wa pembeni, nikageuza meza ielekee nje chini ya mgunga, nikaingiza risiti za duka la kwanza mpaka la tatu bila mtu kunigongea. Nyumbani nina jirani mwenye jenereta na mlango usiokauka wageni. Miaka minane ya kazi hii, sijawahi kumaliza maduka matatu kwa siku moja nikiwa na akili iliyotulia hivyo.

Mtandao ulikuwa hafifu. Nilikuwa na laini mbili za kampuni tofauti, na hata hivyo ilinibidi kupanda mwinuko mdogo nyuma ya kambi ili ujumbe utoke. Haikunisumbua, kwani fomu za marejesho nilizipakua nikiwa bado mjini. Unazijaza bila mtandao, na faili ya kutuma mwishoni ni ndogo. Kama kazi yako ni ya mikutano ya video, hapo usipategemee. Wenye gari walikuwa na kisahani cha Starlink, mtandao wa setilaiti, cha kukodi kwa malipo ya ziada. Nilikikataa, na kwa kazi yangu nadhani niliamua vizuri, maana hata kile kidogo hunywa umeme, na umeme ndio uliokuja kunishinda.

Usiku wa kwanza, saa tisa, friji ilinyamaza. Nilishuka na tochi nikatazama kijisaa cha betri: volti 11.6. Betri ya volti 12 ikifika hapo imekwisha. Nilifungua kasha chini ya kochi nikakuta betri moja ya asidi, ya amp-saa 100, vichwa vyake vimeota ukungu wa kijani.

Naomba tuikalie hesabu hii, kwa sababu ndiyo ningetamani mtu anipe kabla sijalipa. Amp-saa 100 kwa volti 12 ni wati-saa 1,200 kwa maandishi. Lakini betri ya asidi hupaswi kuishusha chini ya nusu, la sivyo unaiua, kwa hivyo unazo 600, na ikiwa imezeeka ni pungufu ya hizo. Kompyuta yangu inakula wati 60. Saa saba za kazi ni 420. Ukiichaji kupitia inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, unapoteza kama sehemu moja ya kumi njiani. Bado friji, taa, feni na simu mbili. Paneli ya wati 200 juu ya paa inasaidia mchana, lakini hema likikunjuliwa lilikuwa linatia kivuli upande mmoja wa paneli, na kivuli kidogo tu kinaangusha umeme wake vibaya. Jioni ile nilikunjua hema saa kumi, jua likiwa bado kali. Siku za baadaye nilingoja mpaka jua lizame.

Kilichobaki kilikuwa umeme wa injini. Gari kama hili hufungwa waya kutoka kwa altaneta, mashine ya injini inayozalisha umeme, ili betri ya nyumbani ijazwe mkiwa safarini. Yetu haikujazwa hata chembe kutoka Nairobi. Tulipofika mji wa Magadi, mjomba alimpata fundi wa umeme wa magari, kijana mpole, akafuata waya kwa kidole mpaka nyuma ya kiti. "Mzee, fyuzi hii iliungua siku nyingi," alimwambia mjomba, akaonyesha kutu ndani yake. Fyuzi, kishikio kipya na kazi yake vilikuwa shilingi 1,800. Nilimwomba anifungie na tundu la kuchaji kompyuta moja kwa moja kutoka volti 12, bila inveta, 1,600 nyingine. Ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote safarini. Kuanzia hapo, saa mbili za kuendesha zilinirudishia nusu siku ya kazi.

Magadi joto lilitufundisha jambo jingine. Ziwa liko chini sana, kama mita 600 kutoka usawa wa bahari, ilhali Nairobi tunakaa karibu mita 1,700. Hata Julai mchana ulikaribia nyuzi 36 kwa kipimo cha gari. Paa la bati halikuwekwa chochote cha kuzuia joto. Ukigusa dari ndani unaondoa mkono haraka. Friji haikupumzika hata dakika. Paneli nayo ikishika moto inazalisha pungufu, kwa hiyo jua kali si lazima liwe umeme mwingi. Nilihamisha saa zangu: kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa tatu na nusu, kisha muda wa saa mbili jioni, mlango ukiwa wazi. Saa sita hizo zilinitosha, na mtandao mjini pale ulikuwa na nguvu. Marejesho ya maduka matano yalitoka usiku wa tarehe 18, moja baada ya jingine.

Mchana tulikwenda kusini mwa ziwa kwenye chemchemi za maji moto, tukiongozwa na mzee mmoja wa Kimaasai aliyeomba lifti ya kwenda huko huko. "Supa," mjomba alimsalimu. "Ipa," akajibu, na wakazungumza ng'ombe njia nzima. Mna samaki wadogo humo, wanaoishi katika maji ya chumvi na joto ambayo yangeua samaki wa kawaida. Ziwa lilikuwa jeupe, kisha rangi ya waridi, kisha jeupe tena. Hii ndiyo magadi mama zetu wanayotia chunguni ili mboga na maharagwe yalainike, na huchimbwa hapa na kampuni tangu 1911, ikasafirishwa kwa reli inayokwenda kuungana na njia kuu pale Konza. Nimekula magadi maisha yangu yote, na sikuwahi kusimama mahali inapotoka. Nilisimama sana.

Tarehe 19 tulijaribu kwenda Nguruman. Ukishavuka ziwa lami inakwisha na unaanza murram yenye mawimbi inayotikisa meno. Mjomba alipunguza presha ya matairi kutoka 45 hadi 30 na gari likatulia, lakini tumbo la HiAce liko chini na si gari la kuvuta magurudumu yote manne. Tuligonga jiwe moja kwa kishindo. Tulifika, tukanunua maembe yaliyokaushwa, tukaona vitambaa vya buluu na vyeusi vya kunasa mbung'o (mtego wa NGU ulibuniwa hapo na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, hawa wa Kasarani, ukapewa jina la mahali), tukarudi kabla ya jua kuzama. Kwa gari hili, ushauri wangu ni uishie Magadi. Mkodishaji alipaswa kuniambia hivyo nilipomtajia njia yangu, naye aliitikia tu.

Marejesho mawili ya mwisho niliyatuma tarehe 20 mchana tukiwa njiani kurudi, pale Olepolos, mjomba akisubiri nyama ichomwe na bonde lote likiwa mgongoni kwake. Nilipoona neno la kuthibitisha la mwisho nilifunga kompyuta nikala kwa mikono miwili.

Je, ningekodi tena? Ndiyo, na kwa moyo mkunjufu, ila si kwa masharti yale yale. Ningeomba kufunguliwa kasha la betri kabla ya kutoa hata shilingi. Ningewasha injini nikatazama kijisaa kama volti zinapanda kufikia 13.8 au zaidi. Zisipopanda, waya wa altaneta haufanyi kazi. Ningelala usiku wa kwanza karibu, Olorgesailie au hata Kiserian, ili ubovu ukijitokeza uwe bado karibu na mafundi. Kwa mwenye kazi kama yangu, ya makaratasi na faili ndogo, barabara hii inafaa kabisa.

Niliporudisha gari niliwaonyesha risiti za fundi na ile fyuzi ya zamani. Walinisikiliza bila ubishi. Amana yote ilirudi siku ya pili, pamoja na 1,800 za fyuzi. Tundu la kuchaji nimewaachia. Betri wamesema wataibadilisha waweke ya lithiamu. Nimewaomba wanitumie picha yake ikiwa imefungwa, na picha ikifika nitalipia siku tano za Septemba, kupitia Njabini na Kinangop, ambako baridi itaipumzisha friji.