Steshenari ya Miyomboni: Maryland ya 1800 imetoka na rangi zake zote mbili

Walimu wenzangu wa Historia hapa Iringa, mkitaka kuchapisha ramani za darasani nendeni ile steshenari ndogo ya Miyomboni, yenye fotokopi mlangoni. Niliwapelekea ramani ya uchaguzi wa Marekani wa 1800 kwa ajili ya kidato cha sita: majimbo 16, A3 ya rangi, na Maryland nimeikuza pembeni.

Dada wa kompyuta aliitazama kwanza. "Shikamoo mwalimu. Hili jimbo mbona lina rangi mbili, faili halijaharibika?"

Halijaharibika. Mwaka ule majimbo mengi yaliwaachia wabunge wao kuteua wajumbe wa kumpigia kura rais. Maryland iligawa wilaya 10, na wananchi wa kila wilaya wakachagua mjumbe wao. Watano wakawa wa mgombea Thomas Jefferson, watano wa mpinzani wake John Adams, rais wa wakati huo. Wakati huo kila mjumbe alipiga kura mbili bila kutenganisha rais na makamu, hivyo kitaifa Jefferson akafungana na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, 73 kwa 73, ikabidi Baraza la Wawakilishi liamue, kila jimbo kura moja. Maryland ikagawanyika tena, wabunge wanne wa Jefferson, wanne wa Burr. Joseph Nicholson, mmoja wa wale wa Jefferson, alikuwa na homa kali, akabebwa kwenye theluji hadi bungeni na kupiga kura akiwa kitandani. Angebaki nyumbani, jimbo lingekwenda kwa Burr! Tarehe 17 Februari 1801, duru ya 36, wale wanne wa Burr waliacha karatasi tupu, Jefferson akapita.

Dada alisikiliza yote huku anarekebisha. Karatasi ya majaribio ilitoa nyekundu na chungwa zinazofanana, akaweka bluu na njano, akanenepesha mipaka ya wilaya. Sasa mwanafunzi wa dawati la mwisho anaziona. Karatasi ile ya majaribio hakunitoza.

Kasoro yao ni laminesheni. Mashine inameza A4 tu, A3 unaelekezwa duka la jirani, na huko Virginia yangu imepata mapovu. Msimu wa mitihani foleni ni ndefu mno, wahini asubuhi.

Mimi narudi na ramani ya 1824. Hapo Maryland inataka rangi tatu: wajumbe 7 wa Jackson, 3 wa John Quincy Adams, 1 wa Crawford.