Vifaa vya kufundishia urubani: ununue kipi kwanza, kipi kisubiri

Mwalimu mpya wa urubani, au shule ndogo inayoanza na ndege moja au mbili, hukutana na maduka yaliyojaa vitu: vitabu, kozi za video, simuleta, kamera, mipango ya masomo iliyokwisha kuandikwa. Fedha haitoshi kununua vyote, na si vyote vinavyohitajika. Tumevipanga kwa kipimo kimoja: kifaa kinampunguzia mwanafunzi muda gani wa kujifunzia angani kitu ambacho angeweza kukielewa mezani. Saa ya ndege ndiyo ghali kuliko chochote kilichotajwa hapa. Kwa kipimo hicho, vitu vya bei kubwa vinashuka chini ya orodha.

Tunawalenga wanaofundishia ndege ya injini moja katika viwanja vyetu, iwe Wilson jijini Nairobi, Dar es Salaam, Arusha au Soroti. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu vifaa vingi vinavyouzwa vimetengenezwa kwa ajili ya Marekani na Uingereza, na baadhi ya mambo yaliyomo huku kwetu hugeuka kinyume kabisa.

Nafasi ya kwanza: kitabu cha ndege yenyewe na sheria za nchi yako

Kabla ya kununua kitabu chochote cha nadharia, toa nakala ya kitabu cha uendeshaji cha ndege ile ile utakayofundishia, cha modeli na mwaka wake. Cessna 172 ya mwaka mmoja si sawa na ya mwaka mwingine: matangi, swichi, kasi na hata vipimo vya kasi hubadilika. Nakala ya mwanafunzi iwe na alama ya wazi kwamba ni ya kusomea tu, kwa kuwa kitabu halali ni kile kinachokaa na ndege.

Utumie kufundishia hesabu halisi. Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 25 kuna ziada ya nyuzi 21, na kila nyuzi moja huongeza takriban futi 120, kwa hiyo injini na mabawa yatafanya kazi kama yako karibu futi 8,000. Rubani akikaribia kutua huku kipimo cha kasi kikisoma noti 65 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), kasi yake ya kweli ni kama noti 73, na breki zitakuwa na nishati zaidi ya kumaliza kwa karibu asilimia 27. Mwanafunzi aliyesoma mifano ya viwanja vya usawa wa bahari pekee huona ardhi ikimkimbilia, anadhani anakwenda kasi mno, anavuta usukani na kuipunguza kasi ambayo ilikuwa sahihi. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Kitabu hicho hicho cha 172 kinaelekeza kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya kupaa ikiwa uwanja umezidi futi 3,000, hadi injini ifikie mizunguko ya juu kabisa. Video nyingi za ng'ambo huonyesha rubani akisukuma kishikio cha mchanganyiko hadi mwisho kila mara. Mwanafunzi akiiga hilo Nairobi, injini itakosa nguvu pale anapoihitaji zaidi.

Angalia pia galoni. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Galoni 40 za Marekani ni lita 151; mtu akizihesabu kama za Uingereza atadhani ana lita 182. Hizo lita 31 ambazo hazipo ni karibu saa nzima ya kuruka kwa ndege ya aina hiyo. Fundisha kwa lita tangu siku ya kwanza.

Sheria za leseni na za uendeshaji huchapishwa na mamlaka zenyewe: KCAA kwa Kenya, TCAA kwa Tanzania, UCAA kwa Uganda. Zichukue huko, usinunue muhtasari wa mitaani usio na tarehe. Taarifa za viwanja na anga hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, hivyo ramani au kijitabu cha mkononi kisichoonyesha tarehe ya kuanza kutumika hakifai hata kama kinauzwa kwa bei ya kutupa.

Nafasi ya pili: ndege ya mfano na ubao mweupe

Vitu hivi viwili hufanya kazi zaidi ya kozi ya video ya mamia ya dola. Tafuta ndege ya mfano ya povu yenye mabawa ya sentimita 30 hadi 40, bawa likiwa juu kama ndege yako ni Cessna, chini kama ni Piper. Sehemu za kuongozea kwenye mabawa na mkia ziwe zinasogea. Zikiwa zimegundishwa, zikate kwa wembe na uzirudishe kwa utepe wa karatasi ili zikunjike. Usinunue mfano wa chuma wa ndege kubwa ya abiria. Unapendeza mezani, lakini mabawa yake yamelazwa nyuma, hakuna kinachosogea, na mwanafunzi haoni umbo la bawa.

Gundisha uzi wa sentimita 15 kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Uzi huo ndio hewa inayokuja. Hapo mwanafunzi ataona kwa macho kwamba stoli, yaani bawa kushindwa kubeba, inategemea pembe kati ya bawa na hewa, si pua kuelekea juu. Ishike ndege ikiwa inashuka na pua iko chini ya upeo wa macho, kisha sogeza uzi utoke chini zaidi: pembe ni kubwa, bawa limeshindwa, na pua bado iko chini. Kisha mpe yeye aishike akueleze. Asipoweza kueleza, usipande naye kwenda kufanya zoezi hilo. Atakwenda kukariri mikono yako.

Ubao wa sentimita 60 kwa 90 unatosha. Tumia rangi tatu na usizibadilishe katika masomo yote: nyeusi kwa ndege, buluu kwa hewa, nyekundu kwa nguvu. Chora huku unaeleza, usimletee mchoro uliokamilika, maana mwanafunzi hufuata mkono unapotembea. Somo la kugeuka kwa kona kali linatosheka na mchoro mmoja: ndege imelala nyuzi 60, inabeba uzito mara mbili, na kasi ya stoli imepanda kwa asilimia 41. Maelezo kabla ya kuruka yasizidi dakika 15. Yakizidi, umechanganya somo la darasani na maandalizi ya safari, na mwanafunzi ataingia kwenye ndege amechoka.

Nafasi ya tatu: vitabu vya bure vya FAA, uvichape mwenyewe

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hutoa vitabu vyake bure kwenye tovuti yake. Vitatu vinahitajika: cha mwalimu (FAA-H-8083-9B, 2020), cha kurusha ndege (FAA-H-8083-3C, 2021) na cha maarifa ya rubani (FAA-H-8083-25C, 2023). Wafanyabiashara huvichapa na kuviuza, na toleo la zamani huuzwa pamoja na jipya, kwa hiyo soma herufi ya mwisho ya namba kabla ya kulipa. Nafuu zaidi ni kupeleka faili steshenari na kuchapa sura unazozitumia tu, pande zote mbili, na kubaindi kwa spaili ili kitabu kilale wazi mezani.

Kitabu cha mwalimu ndicho kinachopuuzwa zaidi na ndicho chenye thamani zaidi. Kinaeleza kanuni za kujifunza zilizotokana na kazi ya Edward Thorndike, ikiwemo ile isemayo kwamba kinachofundishwa kwanza ndicho kinachoshika. Kwa mwalimu wa urubani hiyo ni kanuni ya kila siku: mwanafunzi aliyefundishwa vibaya kukanyaga pedali katika saa ya pili utamsahihisha hadi saa ya thelathini. Kinafundisha pia kukabidhiana usukani kwa hatua tatu: anayekabidhi anasema, anayepokea anathibitisha, anayekabidhi anarudia na kutazama kama kweli umepokewa. Ajali za mafunzo zimewahi kutokea kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeendesha.

Lakini vitabu hivi vina mitego kwa msomaji wa huku. Mkubwa ni wa dira. Vinafundisha makosa ya dira ya sumaku kwa kizio cha kaskazini: ukigeuka kwenda kaskazini, acha kugeuka mapema, ukigeuka kwenda kusini, pitiliza kidogo. Kwetu ni kinyume. Kumbuka kwamba ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako sindano ya dira haiinami kuelekea ncha yoyote, si ile ya ramani. Kwa upande huu wa Afrika hupita Ethiopia, kwa hiyo Kenya, Tanzania na Uganda zote ziko kusini yake, hata Soroti ambayo kwenye ramani iko kaskazini mwa ikweta. Ukigeuka kwenda kaskazini pitiliza, kwenda kusini acha mapema. Ukiongeza kasi ukielekea mashariki au magharibi, dira itaonyesha kama unageuka kusini. Kosa lenyewe ni dogo kuliko la Ulaya, kwa kuwa hatuko mbali sana na ikweta hiyo, ila mwelekeo wake ndio unaoulizwa kwenye mtihani.

Mtego wa pili ni vipimo: Marekani hutumia inchi za zebaki na maili za nchi kavu katika taarifa za hali ya hewa, sisi hektopaskali na mita. Wa tatu ni mpangilio. Mfumo wa Uingereza, uliozoeleka katika shule za ukanda huu, hupanga mazoezi kwa namba: la 4 ni athari za vidhibiti, la 9 kugeuka, 10B stoli, 12 na 13 mzunguko wa uwanja, 14 kuruka peke yako mara ya kwanza. Vitabu vya FAA havifuati namba hizo. Tengeneza jedwali la ukurasa mmoja linalolinganisha namba ya zoezi na sura ya kitabu, ulibandike ndani ya jalada.

Nafasi ya nne: picha ya chumba cha rubani na vifuniko vya ala

Piga picha ya dashibodi ya ndege yako ukiwa kiti cha kushoto, macho yakiwa kwenye kimo cha kawaida, bila taa ya kamera. Ichape A0 (milimita 841 kwa 1,189), ambayo inakaribia ukubwa halisi wa ndege ndogo. Omba laminesheni isiyong'aa. Inayong'aa huakisi taa na kuficha maandishi. Mwanafunzi hukaa mbele yake na orodha ya ukaguzi, anagusa kila swichi huku akiitaja. Picha ya dukani haifai, kwa sababu swichi moja ikiwa pengine atajifunza kunyoosha mkono mahali pasipo na kitu.

Vifuniko vya mpira vya kuficha ala, yaani vipimo vya dashibodi, huuzwa kwa tundu la kawaida la inchi 3⅛. Vidogo vya karatasi ya kubandika hufanya kazi ile ile. Faida yao ni moja na ni kubwa: mwanafunzi anayetazama ala muda wote hulazimika kutazama nje. Ukitaka kuweka nukta kwenye kioo cha mbele ili ajue pua inapaswa kukaa wapi, tumia kalamu ya nta, uifute kwa maji yenye sabuni laini na pamba. Spiriti na dawa za vioo vya nyumbani zenye amonia hutia nyufa ndogo ndogo kwenye plastiki ya kioo cha ndege.

Kwa kuruka kwa ala, chagua kati ya kofia na miwani ya kuzuia kuona nje. Miwani ni nafuu, ila mikono yake ikiwa minene hutenganisha mto wa hedifoni na kichwa, kelele zinaingia na mwanafunzi hasikii unachosema. Nunua yenye mikono myembamba.

Nafasi ya tano: rula ya ramani na kikokotoo cha mviringo

Kikokotoo cha mviringo ni sahani ya kuzungusha ya kukokotolea muda, mafuta na upepo. Cha chuma au plastiki ngumu hudumu. Cha karatasi hujikunja kwa unyevu wa Pwani. Ukiwa na wanafunzi wanaofuata mtaala wa Uingereza, chukua aina ya CRP, si E6B, kwani upande wa upepo hufundishwa tofauti na mtahiniwa hapaswi kujifunza njia mbili. Kwenye rula hakikisha kuna kipimo cha 1:500,000 na cha 1:1,000,000. Anayepima ramani ya 1:1,000,000 kwa ukingo wa 1:500,000 hupata nusu ya umbali wa kweli, na mafuta yake pia yatakuwa nusu. Mfundishe kuhakiki kwa mistari ya latitudo: dakika moja ni maili moja ya baharini, hivyo digrii nzima ni maili 60, sawa na milimita 111 kwenye ramani ya 1:1,000,000.

Vinavyoweza kusubiri

Kamera ndogo ni nzuri kwa mazungumzo baada ya kutua, lakini bila waya wa sauti kutoka intakomu utapata mngurumo tu. Iweke nyuma kati ya viti ionyeshe mikono, ala na upeo wa macho, na uifunge kwa kamba, kwa maana joto hulegeza vibandiko vya kunyonya na kamera ikianguka kwenye pedali ni balaa. Chagua vipande vitatu tu vya kumwonyesha, na umwulize yeye kwanza alichokiona. Wasio na fedha ya kamera wahifadhi njia ya GPS kwenye simu na kuifungua Google Earth. Mzunguko uliopinda utaonekana wazi.

Mipango ya masomo ya kununua na benki za maswali tumeziweka chini kwa makusudi. Mpango ulioandikwa na mwingine huishia kusomwa kwa sauti mbele ya mwanafunzi, na benki ya maswali hufundisha kukariri herufi ya jibu. Ukinunua, tumia mpango kama mifupa: lengo, vifaa, dakika, makosa ya kawaida, kigezo cha kufaulu, kisha uandike upya kwa ndege na uwanja wako.

Simuleta ya mezani ndiyo ya mwisho kwa leseni ya kwanza. Kwa VOR (mitambo ya redio ya ardhini ya kuongozea njia), mizunguko ya kusubiri, mazungumzo ya redio na taratibu za dharura inasaidia sana. Kwa kutua inaharibu: usukani wa springi hauna uzito wa hewa, kiti hakisukumi mwili, na mwanafunzi huzoea kutazama skrini ya ala. Saa zake hazihesabiwi kwenye leseni isipokuwa kifaa kimeidhinishwa na mamlaka, na muuzaji akikuambia kinahesabiwa, dai barua ya idhini kabla ya kutoa fedha. Ukiamua kununua, anza na pedali, kisha usukani, skrini kubwa baadaye, na uifungie kwenye somo la ala na redio peke yake.