Mbwa wa shamba: usiulize ukali wake, uliza analala saa ngapi

Mwaka jana nilinunua German Shepherd kwa elfu arobaini. Muuzaji aliniambia, "Mama, huyu usiku ni simba," na watoto wakampa jina hapo hapo. Usiku kweli ni simba. Lakini tumbili wa msitu wa Ngong hawaji usiku. Siku moja saa nne asubuhi natoka na beseni la nguo, nakuta tumbili amekaa juu ya kibanda cha mbwa anamenya hindi langu bichi, maganda yanamwangukia Simba puani. Simba akapiga chafya, akageukia upande wa pili.

Kwa hiyo mambo ya ukubwa na meno waulize wengine. Nairobi tumezoea kufungia mbwa mchana na kuwafungulia usiku kwa sababu ya wezi. Tumbili anakula mchana, jua likizama yuko mtini amelala. Wa usiku ni nungunungu, mchimba viazi. Kabla hujatoa pesa, mtokee muuzaji saa saba mchana bila kupiga simu, usimame langoni umtazame mama wa hao watoto wa mbwa. Akiinua kichwa na kukilaza tena, panda matatu urudi.

Kwangu namba moja ni Ridgeback, na sifichi mapenzi. Ni mbwa wa kusini mwa Afrika, sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Nywele fupi, jua analivumilia, na mgongoni ana ule mstari wa manyoya yaliyolala kinyume. Wa dada yangu kule Rongai huzunguka ua mchana kutwa, kisha jioni kitinda mimba humvuta masikio naye katulia tu. Kasoro yake ni kufukuza mbali. Ua ukiwa na tundu ataishia msituni, na pande za Karen na Lang'ata chui hula mbwa. Dume la nyani nalo usimwachie apambane nalo peke yake.

German Shepherd anafuata, mradi azoee kuwa huru mchana tangu mdogo. Boerboel ni mzito na mlaji, jua likiwaka yuko kivulini. Wa kienyeji hubweka vizuri, KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama, wanao.

Sasa hawa wauzaji! Kadi ya chanjo ya Simba ilikuwa na mhuri na sahihi tatu, bila hata kibandiko kimoja cha chupa ya dawa. Eti alichanjwa kichaa cha mbwa akiwa na wiki sita, wakati chanjo hiyo kwa kawaida husubiri miezi mitatu. Daktari wa mifugo alicheka, kisha akanitoza kuanza upya. Na nililipa zaidi ili nipate mbwa "mwenye karatasi", yaani cheti cha ukoo wake. Zingekuja wiki iliyofuata. Huu ni mwezi wa kumi na moja nazingoja, na juzi nilipompigia muuzaji, aliniuliza kama nataka jike la kumwoza Simba.